Uhalifu Unahesabiwaje? Kijitabu cha Mwananchi cha Kusoma Takwimu za Jinai

Kwa miaka kadhaa sasa Jeshi la Polisi Tanzania, kwa kushirikiana na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, limekuwa likitoa taarifa ya hali ya uhalifu na matukio ya usalama barabarani. Ndani ya taarifa hizo makosa makubwa ya jinai hugawanywa katika mafungu matatu: makosa dhidi ya binadamu, makosa ya kuwania mali, na makosa dhidi ya maadili ya jamii. Kesho yake magazeti huandika kwamba uhalifu umepanda au umeshuka kwa asilimia kadhaa, redio hurudia, na mjadala huhamia vijiweni. Mmoja huapa kwamba nchi imeharibika. Mwingine hujibu kwamba zamani ilikuwa mbaya zaidi, ila watu hawakuwa wakitangaza.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mjadala huo. Kila namba ya uhalifu imepita mikononi mwa watu kabla ya kukufikia: wabunge walioamua tendo gani liwe kosa, mtu aliyetendewa akaamua aseme au anyamaze, na askari wa kaunta aliyeamua aandike nini kitabuni. Ukiijua mikono hiyo utajua namba inasema nini. Utajua pia imemwacha nani nje, na huyo aliyeachwa nje ndiye anayetusumbua zaidi sisi tulioandika kurasa hizi.

Kosa huanzia kwenye sheria

Si kila ubaya ni jinai. Jirani aliyekukopa laki mbili akagoma kulipa amekukosea, lakini kwa kawaida hilo ni shauri la madai. Mtu anayemtukuza mgeni na kumsahau mama yake mzazi ana aibu mbele ya watu, wala hakuna kituo cha polisi kitakachomfungulia jalada. Tendo huwa jinai pale tu sheria iliyotungwa inapolitaja na kulipangia adhabu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(c), inakataza mtu kuadhibiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa kisheria wakati alipolitenda.

Kwa Tanzania Bara makosa mengi yamo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo asili yake ni sheria ya kikoloni ya mwaka 1930. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu, iliyotungwa upya mwaka 2018. Juu ya hizo kuna sheria nyingine: ya rushwa ya mwaka 2007, ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015, ya dawa za kulevya, ya wanyamapori na kadhalika. Kila Bunge linapotunga kosa jipya, kundi jipya la watu huingia kwenye hesabu, hata kama matendo yao ni yaleyale ya mwaka jana.

Sheria huangalia pia nia na umri. Fikiria mji wa Namanga, ambao mpaka unaukata katikati. Mtoto wa miaka kumi na mmoja akiiba simu upande wa Kenya hawezi kuhesabiwa mhalifu, kwa kuwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa jinai hadi miaka 12. Akifanya hivyo upande wa Tanzania Bara, ambako kikomo ni miaka 10, anaweza kushtakiwa ikithibitishwa kwamba alikuwa na uwezo wa kuelewa kuwa anachofanya ni kosa. Chukua pia mtu aliyezidiwa na maisha akajaribu kujiua. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kilichomfanya mtu huyo kuwa mkosaji kinakiuka Katiba ya nchi hiyo. Hatua chache kusini, Kanuni ya Adhabu imeendelea kulitaja jaribio hilo kuwa kosa. Uchungu ni mmoja, na watu wa pande zote mbili huuziana nyanya katika soko lilelile, lakini daftari moja humwandika mtuhumiwa na jingine humwona mgonjwa.

Tunao mfano mkubwa zaidi katika historia yetu wenyewe, na wazee wengi bado wanaukumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika: sabuni, sukari, khanga, mafuta ya kupikia. Machi 1983 Serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Moringe Sokoine, ilianza msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Maduka na nyumba zilipekuliwa, watu wakawekwa ndani, na wengine kwa hofu wakatupa mali zao usiku ili zisikutwe kwao. Sheria ya kuwashughulikia ilipitishwa na Bunge baada ya msako kuwa umeanza, ikafanywa ihesabike tangu msako ulipoanza. Wakati huo Katiba yetu haikuwa bado na ile sehemu ya haki za binadamu. Iliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, mwaka huohuo ambao sheria ile ilibadilishwa na kuwekwa nyingine.

Miaka michache baadaye biashara ililegezwa. Chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimwita Mzee Rukhsa, mtu mwenye katoni za sabuni stoo akawa mfanyabiashara tu, analipa leseni na kufungua duka asubuhi. Mtu akichora mstari wa idadi ya wahalifu wa miaka ile, atauona ukipaa mwaka 1983 na kuporomoka baadaye. Akisema tabia ya Watanzania iliharibika ghafla kisha ikatengenea, atakuwa amekosea kabisa. Kilichohama ni mpaka wa sheria na nguvu ya msako. Hatusemi ulanguzi haukuumiza watu; uliwaumiza sana waliopanga foleni wakarudi mikono mitupu. Tunasema kwamba namba peke yake haiwezi kukueleza habari hiyo.

Sheria inaposema kosa na jamii ikasema kawaida

Kuna matendo ambayo sheria inayakataza waziwazi na jamii bado inayaita mambo ya nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Imepita zaidi ya nusu karne. Hata hivyo mwanamke aliyevimba uso akienda kwa mshenga au kwa wakwe zake mara nyingi hupokelewa kwa neno la kuvumilia, na kipigo kile hakifiki kwenye kitabu chochote.

Kuna pia yale ambayo mtendewa anayaona wazi kuwa ni ukatili, na sheria haijayafikia. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu chake cha kubaka kilichowekwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kwa mke inamtaja yule aliyetengana na mumewe. Mke anayeishi na mume akalazimishwa chumbani kwake haingii katika hesabu ya waliobakwa, na hata akienda kituoni akieleza yote, safu ya kuandikia haipo.

Na kuna mauaji ambayo mtaa mzima huyashiriki. Kijana anaitiwa mwizi, anapigwa mawe, anavikwa tairi. Kesho yake habari inasema ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Kisheria yale ni mauaji kama mengine yoyote, na waliorusha mawe ni watuhumiwa wa mauaji. Vinywani mwa watu, hata hivyo, mhalifu pekee katika tukio lile ni marehemu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyafuatilia matukio haya katika taarifa zake za kila mwaka, na tunashukuru kwa hilo, kwa sababu mtu asiyeonewa huruma na majirani zake anahitaji angalau kuhesabiwa.

Kutoka tukio hadi RB

Ili tukio liwe takwimu, linapita milango mingi. Mtendewa atambue kwamba alichofanyiwa ni kosa. Aamue kusema. Pengine aanze kwa balozi au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye anaweza kumwelekeza polisi au kuwaita pande mbili wayamalize. Afike kituoni, asikilizwe, apewe RB (kwa wenzetu wa Kenya, namba ya OB). Kama ameumizwa, apewe fomu namba tatu ya polisi, ile PF3, aende nayo hospitali. Jalada lifunguliwe, mpelelezi apangiwe, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka iridhike na ushahidi, mashahidi waje mahakamani kila shauri linapotajwa, hakimu aamue. Katika kila mlango wapo wanaobaki nje. Ndiyo maana idadi ya waliotiwa hatiani ni kipimo kibaya sana cha wingi wa uhalifu. Hupima zaidi uwezo wa upelelezi na uvumilivu wa mashahidi.

Wanaobaki nje wana sababu zao, na nyingi ni za kueleweka. Nauli ya kwenda kituoni inazidi thamani ya kuku watatu walioibwa. Aliyemharibu mtoto ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Familia mbili zimekaa, ng'ombe wametolewa, baba amepokea, na binti hakuulizwa. Mwingine alienda akaambiwa achangie mafuta ya gari la kumfuata mtuhumiwa, akarudi nyumbani. Mwingine anamwogopa mtuhumiwa kwa kuwa atatoka kwa dhamana jioni ileile na wanatumia kisima kimoja.

Kwa upande mwingine, yapo makosa yanayoripotiwa karibu yote kwa kuwa karatasi ya polisi ina faida. Gari lililokatiwa bima kubwa likiibwa, kampuni ya bima haitalipa bila taarifa ya polisi. Kwa hiyo ukiona kwamba wizi wa magari umeandikwa vizuri kuliko ubakaji wa watoto, usidhani vitabu vinalingana na maisha.

Zipo pia sehemu ambazo makosa yalishughulikiwa na mamlaka nyingine kabisa. Mapema miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukawachosha wafugaji wa Usukumani na Unyamwezini, nao wakaunda sungusungu. Mwizi alisakwa, akahukumiwa barazani, akatozwa faini au kutengwa, na wakati mwingine akapata adhabu kali kuliko iliyoruhusiwa na sheria yoyote. Mengi ya hayo hayakuingia katika kitabu cha polisi. Mtu anayesoma takwimu za wizi wa mifugo za mikoa ile kwa miaka ile anasoma kipande tu cha yaliyotokea.

Kaunta nayo ina uzito wake. Mtu aliyevamiwa usiku, akajeruhiwa, akaporwa na nyumba yake kuvunjwa, je, hilo ni kosa moja au matatu? Marekani kwa miongo mingi ilihesabu lile zito tu katika kila tukio, hadi mwaka 2021 ilipohamia mfumo unaoandika yote. Askari anaweza pia kuandika shambulio la kawaida pale ambapo mwenzake angeandika kujeruhi, au kuandika mali imepotea pale ilipoibwa. Wala si tatizo la nchi maskini peke yake. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi wa England na Wales waligundua kwamba karibu kosa moja kati ya kila matano yaliyoripotiwa halikuandikwa, na kwa makosa ya kujamiiana yasiyoandikwa yalizidi robo. Mwaka huohuo takwimu za polisi wa huko zilivuliwa hadhi ya takwimu za taifa.

Kisha kuna makosa yasiyo na mlalamikaji: bangi, gongo, rushwa iliyompendeza mtoaji na mpokeaji. Haya huonekana pale tu yanapotafutwa. Operesheni ikifanyika, namba inapanda. Magari yakikosa mafuta, inashuka. Ukisikia makosa ya dawa za kulevya yameongezeka wilayani kwenu, uliza kwanza kama msako umeongezeka.

Kuwauliza watu wenyewe

Tangu mwaka 1835 mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, alikuwa ameshaandika kwamba makosa yanayojulikana ni sehemu tu ya makosa yote, na ukubwa wa sehemu hiyo haujulikani. Ilichukua zaidi ya karne moja kwa serikali kuanza kufanya jambo lililo jepesi kulisema na gumu kulitenda, yaani kwenda kaya kwa kaya na kuwauliza watu wamefanyiwa nini, waliripoti au hawakuripoti.

Tanzania ililifanya hilo mwaka 2009 kwa watoto na vijana, na tunadhani hii ni mojawapo ya kazi muhimu zaidi za takwimu zilizowahi kufanywa nchini. UNICEF, Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili, pamoja na Serikali, walihoji wasichana na wavulana wa miaka 13 hadi 24 kuhusu yaliyowapata utotoni. Hawakuuliza kama mtu amewahi kudhalilishwa, kwa sababu wengi wangejibu hapana. Walitaja matendo: kuguswa bila kutaka, kujaribiwa kwa nguvu, kulazimishwa, kushawishiwa kwa vitisho. Maeneo ya kuhoji wasichana yalitengwa na ya wavulana, ili mtesaji na aliyeteswa wasihojiwe katika kijiji kimoja.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Karibu wasichana watatu kati ya kila kumi walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana alikuwa mmoja kati ya saba. Karibu robo tatu ya wote walipigwa au kuumizwa na mtu mzima au mpenzi. Na kati ya wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono, takribani nusu tu walimwambia mtu yeyote. Kwa wavulana, theluthi. Soma tena sentensi hiyo. Hapo hatujafika hata polisi. Tunazungumzia kumwambia mama, dada au rafiki.

Hakuna kitabu cha kituo ambacho kingeweza kuonyesha hayo. Kazi kama hizo, pamoja na Utafiti wa Afya ya Uzazi na Viashiria vya Malaria wa 2015–16, ambao wanawake wanne kati ya kumi wa miaka 15 hadi 49 waliueleza kwamba wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini, ziliifanya Serikali iwe na msingi wa kuandaa mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18.

Utafiti wa kaya nao una macho yanayofika mahali na kukoma. Aliyeuawa hawezi kuhojiwa. Mtoto anayelala stendi hayumo katika kaya yoyote. Watu huvuta tukio la miaka miwili iliyopita wakalileta mwaka huu, au husahau dogo la juzi. Kwa mauaji, polisi na hospitali hubaki kuwa chanzo bora, kwa kuwa maiti ni vigumu kuificha. Ndiyo sababu nchi hulinganishwa zaidi kwa kipimo hicho. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2021 watu 5.8 kati ya kila 100,000 duniani waliuawa kwa kukusudia, na barani Afrika 12.7, ingawa nchi nyingi za bara letu hazina takwimu kamili.

Unapokutana na namba

Anza na idadi ya watu. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania 44,928,923. Ile ya 2022, 61,741,120. Tuchukue mfano wa kujifunzia: kosa fulani liliripotiwa mara 1,000 mwaka 2012 na mara 1,300 mwaka 2022. Kichwa cha habari kitasema limepanda kwa asilimia 30. Ukigawa kwa idadi ya watu utapata 2.23 kwa kila watu 100,000 mwaka wa kwanza na 2.11 mwaka wa pili. Limeshuka kidogo.

Jihadhari na asilimia za namba ndogo. Kata iliyokuwa na mauaji mawili ikapata manne imeongeza asilimia mia, na bado huwezi kujua kama ni mwelekeo au ni ugomvi mmoja wa shamba.

Kupanda kwa namba huweza kuwa habari njema. Tangu Jeshi la Polisi lianzishe madawati ya jinsia na watoto vituoni, watu wengi zaidi wamepata mahali pa kusemea. Mkuu wa kituo anayepimwa kwa kushusha takwimu za ubakaji atakuwa na sababu ya kumrudisha nyumbani binti aliyekuja kulalamika. Tungependa wanaopanga vigezo vya utendaji walifikirie hilo kwa uzito wote.

Usilinganishe nchi kwa pupa. Sweden huonekana kuwa na ubakaji mwingi mno kwenye majedwali. Sheria yake imepanuliwa mara kadhaa, na tangu 2018 msingi wake ni ridhaa. Tena kila tendo huhesabiwa peke yake, hata mtendaji akiwa yuleyule. Kwa rushwa, faharasa maarufu ya Transparency International, iliyoanza mwaka 1995, hukusanya maoni ya wataalamu na wafanyabiashara. Haihesabu bahasha zilizopita chini ya meza.

Angalia pia kosa limehesabiwa mahali gani. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imekuwa ikitaja Rukwa na Morogoro kuwa vinara wa majaribio ya ulaghai kwa simu, zile meseji za "tuma kwenye namba hii". Orodha hiyo huangalia upande wa laini zinazotumika kutapeli. Aliyetapeliwa anaweza kuwa mama lishe wa Mbagala ambaye, kwa kuona aibu, hakupeleka namba ya tapeli 15040 wala hakwenda polisi.

Mtaa unaweza kuhesabu

Kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa au kijiji inaweza kupata picha yake yenyewe bila fedha nyingi. Chagueni kaya kwa mpangilio, kwa mfano kila nyumba ya tano, msiende kwa mnaofahamiana. Ulizeni kipindi chenye alama ambayo kila mtu anaikumbuka, kama vile tangu Nanenane iliyopita. Tajeni matendo: je, kuna mtu alivunja akaingia? Kuna mfugo ulioibwa? Kuna aliyetishwa kwa panga njiani? Kisha ulizeni kama walimwambia mtu, nani, na akafanya nini.

Msiandike majina. Maswali ya ukatili wa nyumbani msiyaulize ninyi wenyewe mlango kwa mlango. Mwanamke akijibu huku mumewe yuko dirishani mtakuwa mmemletea kipigo. Hayo waachieni maofisa ustawi wa jamii na watafiti waliofunzwa, na ninyi bandikeni tu namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, mahali watoto wanapopita.

Mkishamaliza, pelekeni majibu kwenye mkutano wa mtaa na mumwalike polisi kata aje na hesabu ya kituo ya kipindi kilekile. Ikiwa kaya zenu zimetaja wizi arobaini na kituo kina sita, msianze kwa kulaumiana. Chukueni yale thelathini na manne, myapitie moja moja kwa majibu mliyoandika, muone lipi liliishia kwa mwenyekiti, lipi liliishia kwenye nauli, na lipi lilifika kaunta lakini halikuandikwa.